Hotuba Aliyoniwekea Mudathiru

Mi sina subira, na sijawahi kumwambia mtu kwamba ninayo. Kwa hiyo naanza na lile ambalo watu wa mtaa wetu wa Mbugangari wanaulizana nikipita: ndiyo, ni mimi niliyesema harusi yangu iwe ya watu kumi na wawili. Si Sulaiman. Wanamsingizia bure. Yeye ungemwambia aoe akiwa amesimama barabarani na bisibisi mkononi, angeoa.

Naitwa Uwingabire, nashona nguo. Nina cherehani mbili na chumba kimoja kinachotazama barabara. Sulaiman ni fundi wa kutengeneza cherehani. Alikulia Bukoba, na wazazi wake waliporudi Rwanda tayari alikuwa na ndevu, ndiyo maana Kiswahili chake kimepigwa pasi, si kama hiki chetu cha Gisenyi. Amenisahihisha mpaka na mimi sasa naweza kusimulia mbele za watu. Akija kunitengenezea mashine alikuwa anakaa saa mbili kwa kazi ya dakika kumi. Mwaka wa pili nikamwuliza, wewe baba, hii mashine inaumwa nini hasa? Akasema, mashine ni nzima, mgonjwa ni mimi. Mtu wa miaka arobaini na moja anaongea hivyo! Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Sasa hao kumi na wawili.

Kwetu msichana haposwi kwa kunong'onezana sebuleni. Kuna shughuli inaitwa gusaba. Koo mbili zinakaa chini ya mahema mawili zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na wasemaji wanachuana kwa maneno mbele ya umati mzima. Wa mvulana anabembeleza, wa msichana anajitia mgumu: nyinyi ni nani, mmetoka wapi, nani amewaambia hapa kuna binti? Na kuna utani mmoja hauachwi. Msemaji wa msichana anasema, binti mnayemtaka hayupo. Amekwenda masomoni, ameolewa zamani, amevuka mpaka jana. Umati unapiga kelele, wa mvulana anazidi kubembeleza, mwisho binti anatolewa ndani na kila mtu anafurahi.

Msemaji hodari kuliko wote, kuanzia hapa Mbugangari mpaka kule Kanama, ni kaka yangu Mudathiru. Kazi yake ni kuuza matairi, lakini hakuna anayemjua kwa matairi. Waislamu walimwita, Wakristo walimwita, wanajeshi walimwita. Nusu ya ndoa za mtaa huu zimepita mdomoni mwake. Tangu baba yetu afariki, nikiwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa akiniambia, "Uwinga, maneno yako nimeyaweka. Siku yako nitasema mpaka kuku walale." Alikuwa na daftari. Alikuwa akiandika humo mambo yangu, na akiniona anafunika kwa mkono.

Miaka sita iliyopita nikaposwa na mtu anaitwa Gatete. Mahema yakasimama. Watu mia nne wakakaa upande wetu. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nimevaa mushanana, lile vazi letu la kufunga begani, nasikiliza. Saa nne, hema la wageni tupu. Saa saba, tupu. Saa kumi Mudathiru akasimama na daftari lake, na yeye mtu wa maneno akasema mawili tu: "Muende mukule." Na walikula! Wallahi walikula mpaka masufuria yakalia. Gatete alikuwa ameshafika Kampala na namba mpya ya simu. Mimi nikawa habari ya mtaa kwa miaka miwili, mpaka watoto wa shule walikuwa wakinionyesha kidole.

Aliyeingia chumbani siku ile ni mama yangu peke yake, Mukashyaka. Alifungua fundo la begani, akanivua taratibu kama mtoto mdogo, akanifunika kanga yake.

Ndiyo maana niliapa sitakaa tena chumba cha ndani nikisubiri umati uamue kama mi ni mtu au si mtu. Safari hii nilitaka kitu kimoja: mama yuleyule aliyenivua siku ile anivishe siku hii, kisha akae kiti cha mbele, karibu yangu, nimwone. Mengine yote sikuyahitaji, na nilimwambia hivyo kila aliyeniuliza.

Mama anaishi kwa Mudathiru. Nikaenda kwao Jumapili jioni, nikamkuta anachambua maharage uani, kaka amekaa kwenye tairi kuukuu anakunywa chai. Nikasema yangu moja kwa moja, maana kuzunguka sijui.

"Batu wangapi?" akauliza Mudathiru.

"Kumi na wawili. Uani kwa Sulaiman, upande wa ziwa. Pilau, samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga, chai. Saa nane shehe anafungisha nikahi, saa kumi na moja kila mtu kwao."

"Na hema?"

"Hakuna hema, kaka."

"Na musemaji?"

"Hakuna kusema. Wewe ndiye wali, baba hayuko. Shehe atakuuliza, utasema nimekuozesha, basi."

Akaweka kikombe chini. "Basi?"

"Basi."

"Mi Mudathiru. Neno moja."

"Kaka, si unajua yaliyonipata? Nimechoka na watu."

"Shughuli ni watu, Uwinga."

"Basi yangu si shughuli. Ni ndoa."

Nilijibu kwa ukali, sikatai. Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya ungo. Nikamgeukia nikamwambia, mama, we utakuja saa sita kunivisha, na kiti cha mbele ni chako. Mama hakunitazama mimi. Alimtazama kaka kwanza. Ndipo Mudathiru akatabasamu, tabasamu lile la mbele ya umati, akasema, "Sawa. Mama nitamuleta mi mwenyewe." Mama akarudi kwenye maharage yake.

Nikatoka nimefurahi. Mjinga mimi.

Sulaiman nilipomwambia hakufurahi. Alikuwa amelala chini ya cherehani yangu, anafunga mkanda. Akasema, "Amekubali hivihivi? Bila kubishana?"

"Amesema sawa."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Wee, kaka yako au kaka yangu? Mi ndiye namjua."

Zilibaki wiki tatu. Wiki ya kwanza Mudathiru alikuja dukani na kitambaa cheupe, mita nne, akaniambia nimshonee kanzu ya Jumamosi ile. Nikampima mabega, nikampima mikono, na yeye ambaye hakai kimya hata akinyolewa, hakutoa sauti. Nikamwuliza nitie nakshi shingoni? Akasema, "Hapana. Iwe nyeupe tupu." Nikamshonea kwa moyo wote, mishono midogomidogo, nikimwombea dua. Nilidhani kanzu ile ndiyo msamaha wake.

Wiki ya pili wateja wangu wakaanza kuja kuchukua nguo zao. Si nguo zilizokwisha. Mama mmoja alichukua gauni bila mikono, akalikunja akaliweka kwenye mfuko. Mwingine akachukua kitenge kilekile alichokileta, hata mkasi haujakigusa. Nikamwambia, subiri Jumanne, harusi ni Jumamosi, mi Jumatatu niko kazini kama kawaida. Akasema, "Hapana dada, afadhali nikichukue mbele ya Jumamosi." Hakunitazama usoni. Nikajipa moyo kwamba wananihurumia nisichoke. Lakini ilipofika Alhamisi ya wiki ya tatu kamba ya kutundikia nguo ilikuwa tupu, na katika miaka kumi na tano sijawahi kuiona tupu. Nilikaa nikiitazama, nikafunga duka mapema.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi tulikuwa tumeapa ofisi ya sekta, tumeshika bendera, mashahidi wawili. Serikali ilishatuandika. Lakini kwetu bila nikahi bado wewe ni mchumba tu wa mtu, na Sulaiman alirudi kulala kwake na mimi kwangu.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Byiringiro, anayekodisha mahema na viti, nikamwomba viti kumi na viwili. Akasema vya plastiki tu ndivyo vimebaki.

"Vingine viko wapi?"

"Kaka yako amechukua. Hema mbili, viti, na mikeka yote. Ya kesho."

"Kesho? Za nini?"

Byiringiro akaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Muulize kaka yako, dada. Mi nakodisha tu."

Damu ikanipanda kichwani. Nikajua ameshaniletea umati, ananisimamishia gusaba kwa nguvu. Sikupanda hata pikipiki, nilikwenda kwa miguu nikiongea peke yangu kama kichaa. Nikamkuta dukani kwake kati ya matairi.

"Kaka, kama unafikiri kesho utaniletea watu wako, tutakosana mpaka kiama!"

Hakukasirika. Aliweka mkono kifuani. "Wallahi, Uwinga, hakuna mutu hata mumoja wa kwangu atakanyaga kwenye harusi yako."

"Na hizo hema?"

"Iko kazi yangu ya kesho asubuhi. Kila Jumamosi si niko na kazi?"

Kweli kila Jumamosi alikuwa na kazi. "Utachelewa basi! Na mama?"

"Mama ataketi mbele," akasema. "Usiwe na shaka. Mbele kabisa."

Alinishika kichwa kwa viganja viwili, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo nikitoka madrasa, akanitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona aibu kwa hasira zangu, nikamwomba radhi. Naapa, nilimwomba radhi.

Jioni Xavérine akaja kunisuka. Xavérine anasuka nywele mlango wa pili kutoka kwangu, ni rafiki yangu tangu shule, na alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Mistari ilimpinda, akafumua, akaanza upya.

"Bon, Uwinga," akasema, "ahirisha."

"Nini?"

"Peleka mbele wiki moja. Mupe kaka yako hema, aseme saa zake mbili, alafu basi. Utakufa?"

"Nilishakufa siku ya Gatete. Sitaki tena."

Akaacha kusuka. "Usiseme vile."

"Xavérine, iko nini? Kama unajua kitu, sema."

"Mi sijui kitu." Lakini alikuwa analia, machozi yananidondokea utosini. Nikadhani analia kwa sababu mi naolewa na yeye bado. Nikamtania, nikamwambia Sulaiman ana rafiki yake fundi wa baiskeli, ana meno yote. Hakucheka. Alipomaliza alinikumbatia nikashindwa kupumua, akaondoka bila kuchukua chai yake.

Jumamosi saa sita mama hakuja. Nilikaa kwenye chumba cha Sulaiman na gauni langu kitandani, jeupe la maziwa, nililolikata mwenyewe, fupi kidogo chini ya goti maana nilitaka kutembea kama mtu. Saa sita na nusu. Saa saba. Nikapiga simu ya kaka, imezimwa. Nikalivaa mwenyewe. Zipu ya mgongoni ilinishinda, nikainama nikaivuta kwa kamba, na hapo ndipo nilipolia kidogo, nikanawa uso.

Saa nane shehe akafika na mkoba wake. Wageni walikuwa saba, wa upande wa Sulaiman wote. Upande wangu hakukuwa na mtu. Xavérine hakuja. Binamu zangu wawili hawakuja. Pilau ilikuwa inanukia uani kote na hakuna aliyeiulizia. Sulaiman alikuwa anazunguka vile viti, ananyoosha kimoja, ananyoosha kingine, mpaka nikamwambia, kaa chini, unaniumiza kichwa.

Kati ya wageni kulikuwa na Jack, mwendesha pikipiki, jirani yake Sulaiman. Nikamtuma, nenda Mbugangari mara moja, niangalizie huyo kaka amekwama wapi, na umlete mama yangu hata kama kaka hajamaliza kazi. Akaenda. Robo saa haikwisha akarudi. Hakushuka kwenye pikipiki wala hakuvua kofia yake ngumu.

"Dada Uwinga," akasema, "kwenu iko hema."

"Najua ana hema. Iko gusaba ya nani?"

"Haiko gusaba. Batu wamekaa chini kwa mikeka. Wanawake upande, wanaume upande. Hakuna muziki. Njo vile wanakaaga kwa matanga."

Nilisikia masikio yameziba. Mama. Mama amekufa na mimi niko hapa nahesabu viti. Innalillahi, nikasema, na sikumbuki nilivyopanda ile pikipiki. Gauni langu fupi lile, viatu vya kisigino, nimemshika Jack kiunoni napiga kelele nenda, nenda! Nyuma nilimsikia Sulaiman akiita pikipiki nyingine, yeye na shehe.

Njia yote nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja. Nilisema, chukua ndoa, mi nimeiacha, niachie mama.

Barabara ya kwetu ilikuwa imefungwa kwa watu. Mia mbili, labda zaidi. Wale ambao sikuwaalika, wote, sura moja moja: mama wa gauni bila mikono, yule wa kitenge, Byiringiro, jamaa wa sokoni, wale ambao Mudathiru aliwasemea ndoa zao na za watoto wao. Walikuwa kimya. Nikapita katikati yao na lile gauni, wanasogea wananipisha, na hakuna aliyenipa mkono wala salamu. Getini kulikuwa na beseni la kunawa mikono, kama tunavyoweka kwetu baada ya mazishi, na aliyeshika jagi alikuwa Xavérine.

"Ni mama?" nikamwuliza. "Xavérine, niambie. Ni mama?"

"Mama iko muzima."

Nikapiga makofi kwa furaha. "Alhamdulillah! Alhamdulillah! Sasa ni nani? Ni kaka?"

Akanimwagia maji mikononi. Nafikiri hakujua afanye nini kingine. "Ni we, Uwinga," akasema. "Bon... ni we."

Ndani ya hema kaka yangu alikuwa amesimama na kanzu yangu ile nyeupe tupu, na daftari mkononi, anasema. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa, ametazama chini.

Sikuelewa mara moja. Nilisimama nyuma nikisikiliza kama mgeni. Na hapa nitasema ukweli, hata kama Sulaiman hapendi niuseme: ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa.

"Alikuwa na miaka tisa," Mudathiru alikuwa anasema, "mi sina suruali ya kwenda kazini, akakata pazia ya mama, akanishonea suruali. Nilivaa pazia miezi sita, na hakuna aliyejua. Baba alipokufa, huyu mutoto alikuwa anaamka kabla ya adhana anachoma mandazi, nasi tukala. Siku ile ya Gatete, munaikumbuka wote, mulikula hapahapa. Mi mwanaume nililala siku tatu, nimejifunika blanketi kwa aibu. Yeye kesho yake saa moja alifungua duka. Saa moja! Mi ndiye nilipaswa kumufuta machozi, na ni yeye aliyeniletea uji."

Watu walikuwa wanalia. Si kwa kujifanya, walikuwa wanalia kweli. Na mimi nilikuwa nalia, maana sikujua kama aliwahi kuyaona hayo, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo nikiwa nasikia.

"Nilimuwekea maneno haya miaka ishirini na minne," akasema. "Akaniambia hayahitaji. Akaniambia nibakize moja. Donc, kama mutu hana haja na ndugu zake, hana haja na majirani, hana haja na maneno, tutamwita muzima? Mukija kumuuliza binti yetu, mi nawajibu: hayupo."

Ule utani wake. Mara elfu nimesikia watu wakipasuka kwa kicheko wakiusikia. Safari hii hata mtoto hakucheka.

"Nipo, kaka," nikasema. "Nipo hapa."

Vichwa vyote vikageuka. Yeye hakugeuka haraka. Alifunga daftari kwanza. Nikamsogelea katikati ya mikeka, visigino vinazama kwenye udongo, nikamwambia mbele ya wote, "Nimekosea kukunyima maneno yako. Nimeyasikia sasa, asante. Shehe anakuja. Niozeshe, kaka. Hapahapa, mbele ya watu wako hawahawa. Nakuomba."

Nilijishusha, mimi niliyeapa. Kama angetaka tuanze gusaba dakika ileile ningekaa chumba cha ndani. Niliona alitaka. Lakini alitazama ule umati, watu mia mbili waliokuja kumsikiliza, na Mudathiru hajawahi kurudisha neno lililotoka mbele ya umati.

"Maiti haiozeshwi," akasema.

Shehe alikuwa ameshafika getini na Sulaiman. Ni mzee mfupi, sauti yake ndogo, lakini siku ile alipaza. "Mudathiru, mche Mungu! Dini gani hii ya kukaa matanga ya mtu aliye hai? Na nyinyi wote mliokaa hapo, nani amewafundisha?" Watu wengine waliinamisha vichwa. Wanaume wawili wakasimama wakatoka, wakapita pembeni. Waliobaki walibaki. Shehe akanigeukia akasema, "Wali akikataa bila sababu ya sheria, uwali unamtoka. Nitakufungisha mimi. Twende, binti yangu, wakati unakwenda."

Sulaiman alinyoosha mkono. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Twende nyumbani, Uwinga," akasema kwa kile Kiswahili chake safi. "Tafadhali."

Kwa hiyo ndoa ningeipata. Hilo nililijua palepale nikiwa nimesimama. Nikasema, nisubirini, namchukua mama.

Lakini Mudathiru alikuwa ameshakaa chini, na kwa desturi msemaji akikaa, watu wanapita mmoja mmoja kumpa mfiwa mkono. Wakaanza kusimama, wakajipanga. Nilijaribu kupita mbele, mabega yakanifunga, na hakuna aliyenisukuma kwa ubaya, walikuwa wamejipanga tu, kila mtu na zamu yake. Nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwa mama wa kitenge. Nilimsikia akisema, "Pole, mama Mudathiru, Mungu akupe subira." Kisha zamu yangu ikafika.

Nikapiga magoti. Mama akanipa mkono bila kuinua kichwa, kama alivyowapa wote. "Asante kwa kuja," akasema. "Mungu akulipe."

"Mama, ni mi. Simama twende. Kiti chako kiko."

Nilimwona akitazama viatu vyangu, kisha goti langu, kisha pindo la gauni. Hakufika usoni. Kaka alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, na nyuma ya kaka mlango wa nyumba ambamo mama analala, anakula, na atazeeka.

"Nilikuwa na binti mumoja," akasema polepole. "Fundi wa nguo."

Nilikuwa na maneno mengi, ya hasira yote, na niliyameza. Nikamwuliza, "Alikuwa muzuri?"

"Muzuri sana," akasema mama yangu. "Alikuwa muzuri sana."

"Pole, mama," nikamwambia. "Mungu akupe subira."

Nikataka kusimama. Mkono wake haukuniachia. Ulikuwa umenishika kwa nguvu ambazo sikujua mzee yule anazo, kucha zinaniingia, na kichwa bado kimeinama. Nikabaki pale kwenye magoti, sijui kwa muda gani, mpaka mtu wa nyuma yangu aliponigusa begani akasema kwa upole, "Dada, sogea kidogo. Na sisi tumekuja kutoa pole."